Kidonge Nilikikata Mwenyewe

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwangu, mke wangu ameniuliza swali moja na mimi nimekosa jibu. Wewe unayeingia leo usiwe na wasiwasi, hujapitwa na mengi. Maisha yangu yanaenea kwenye aya tatu na nafasi inabaki.

Mimi ni mkataji wa nguo. Siyo fundi wa kushona, mkataji. Karakana yetu inashona sare, na kabla kitambaa hakijafika kwenye cherehani lazima kipite kwenye meza yangu. Miaka mitatu iliyopita tulimzika mtoto wetu wa kiume, wa miezi minne, nami nikalala kitandani nikakataa kuamka. Hospitali wakasema ni sonona. Wakanipa vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi. Nikaamka, na kwa hilo nawashukuru hadi leo.

Lakini vidonge vile havikuchagua. Viliondoa huzuni, na vilipokuwa vinatoka nayo vikabeba na vingine vyote. Sikulia tena, sikucheka, sikukasirika. Ukiniuliza kama chakula ni kitamu, sawa tu. Ukiniuliza tuhame nyumba, sawa tu. Karakanani wakanibatiza Sawa Tu, na jina lenyewe nikaliona sawa tu.

Kisha mke wangu, mwalimu wa hesabu, akapata barua ya kupandishwa cheo. Awe mwalimu mkuu, katika mji ulio mbali, safari ya kutwa nzima. Kazi yangu haihamishiki. Akaiweka barua mezani akaniuliza, "Nikienda na binti yetu, utaumia?"

Nikalitafuta jibu kifuani kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Sikulipata. Nikasema, "Fanya unavyoona."

"Fomu inarudishwa Jumatatu, wiki mbili kutoka leo," akasema. "Nataka jibu lako kabla sijaijaza. Sitaki jibu la busara. Nataka lako."

Haya, tuendelee. Na msinitupie mawe kabla sijamaliza.

Nilijiambia hivi: kama kidonge ndicho kilichoukalia moyo wangu, basi kiondoke. Nilikuwa nimesikia kwamba dawa hizi haziachwi ghafla, zinapunguzwa. Kupunguza! Unamfundisha mkataji kupunguza? Ndiyo kazi inayonilisha.

Miadi yangu na daktari ilikuwa mwezi ujao. Sikumwambia mtu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa naficha kupona, na kwa hilo sikukumbuka methali yoyote.

Nikachukua karatasi ya patroni nikachora kama ninavyochora shati. Mistari kumi na minne, siku kumi na nne. Wiki ya kwanza nusu, wiki ya pili robo, kisha basi. Nikaweka kidonge juu ya kipande cha kioo, nikapiga alama katikati, nikakata kwa wembe mpya.

Nusu mbili sawasawa. Hata chenga haikuanguka. Nilipofika kwenye robo, ungedhani zimetoka kiwandani hivyo. Kidonge kilikuwa na ganda gumu la utelezi, ndani unga mweupe. Ganda lile nililiona urembo tu, kama pindo la kitambaa cha meza.

Siku mbili za kwanza, kimya.

Siku ya tatu nikiwa naoga, redio ya jirani ikapiga tangazo la sabuni. Mama anamwita mwanawe aje avae shati jeupe. Nikalia. Nililia kweli, na povu machoni. Tangazo la sabuni, jamani! Mwaka jana kwenye msiba wa mama mkwe nilisimama kama nguzo, wakanisifu kwamba mwanamume nimejikaza. Kumbe nguzo ilikuwa haina mtu ndani.

Nikajikausha nikasema: nimerudi.

Siku ya tano zikaanza shoti.

Sina neno lingine. Nikigeuza macho kutoka kushoto kwenda kulia, kichwani kunapiga tzz, kama nimegusa waya wenye umeme, halafu dunia inachelewa kidogo kabla ya kunifuata. Asubuhi nikimeza kipande changu, kichefuchefu na mikono kutetemeka. Ikifika jioni, shoti. Kesho asubuhi, kichefuchefu tena. Nikavumilia. Nilidhani moyo unaamka, na anayeamka lazima ajinyooshe.

Jumapili tukakaa mezani. Binti yangu, wa miaka minane, alikuwa anakoroga chai. Kijiko kinagonga kikombe, ting, ting, ting.

"Acha hicho kijiko!"

Kikamtoka mkononi. Tangu alipokuwa na miaka mitano hakuwahi kunisikia nikipaza sauti.

"Baba," akasema, "umekasirika?"

Hakuuliza kwa woga. Aliuliza kama mtoto aliyekuta mgeni sebuleni na anataka kujua ni nani.

Mke wangu akamtuma mtoto nje akacheze. Kisha akanigeukia.

"Mwenzangu, una nini?"

"Sina kitu."

"Unatoka jasho. Mkono hautulii. Jumatano nimekukuta unalia bafuni."

"Nimekwambia sina kitu! Mnataka nini nyie? Nikinyamaza kosa, nikiongea kosa!"

Akanipima kwa macho.

"Umerudi," akasema.

Moyo ukaruka kwa furaha. "Umeona, eh?"

"Ugonjwa, nasema. Umerudi."

Mimi nilidhani aliyerudi ni mimi. Yeye alimwona mwingine, na yeye ndiye mwenye akili timamu kati yetu. Nilipata hofu siku ile, hofu hasa, na kijinga nikaifurahia kwa sababu nilikuwa sijaionja miaka mitatu.

Jumatatu nikaanza robo. Sitawachosha na wiki ile. Twende moja kwa moja Ijumaa, siku ya kumi na mbili.

Mwenzangu wa mezani anaitwa Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Asubuhi hiyo tulitandika kitambaa cha buluu, sare za manesi, tabaka sitini. Hapo mjue jambo moja la kazi yetu. Fundi wa cherehani akikosea, ameharibu nguo moja. Mkataji hana kosa moja. Kisu kikienda upande, umekosea mara sitini kabla hujapepesa.

Redio alikuwa ameshikilia kitambaa upande wa pili, mimi nimeshika mashine ya kukatia.

"Sawa Tu, hivi unajua shemeji yangu kanunua jogoo asiyewika?"

"Mm."

"Anadai ni mpole. Nikamwambia shemeji, huyo si mpole, huyo ni wewe umeuziwa kuku mgonjwa. Akanuna! Sasa jana..."

Nilikuwa nimefika kwenye mkunjo wa kwapa. Pale macho lazima yageuke pamoja na kisu. Nikayageuza.

Tzz.

Dunia ilipofika nilipo, kisu kilikuwa kimetoka kwenye mstari. Kimepita katikati ya kifua cha nguo. Kimesimama upana wa kidole kimoja kutoka kwenye vidole vya Redio.

Redio alinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinyamaza.

Na mimi nikacheka. Sijui kwa nini. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, kisha kicheko kikageuka kilio, na kilio kikakataa kukoma.

"Umelewa?" Redio akauliza kwa sauti ndogo. "Sawa Tu, ungenikata. Ungenikata kabisa, ndugu yangu."

Bosi wetu, mama mwenye karakana, akaja. Hakunitazama kwanza. Alifunua tabaka la juu, la pili, la tatu, akiendelea kufunua kana kwamba huko chini angekuta moja lililopona.

"Yote sitini?"

"Yote, Mama."

"Simama. Nenda nyumbani. Hii mashine usiiguse mpaka uniletee karatasi ya daktari inayosema mikono hiyo ni yako."

Sikwenda nyumbani. Nilipita kwenye duka la dawa ninalochukulia vidonge. Mfamasia wa pale ni dada mmoja mwembamba, mpole, anayeandika kila kitu kwenye daftari kwa mwandiko wa duara.

"Kaka, leo si siku yako."

"Nataka dawa ya shoti."

"Shoti gani?"

Nikamweleza. Kalamu yake ikasimama.

"Umeacha vidonge?"

"Sijaacha. Napunguza."

"Kwa maelekezo ya nani?"

Nikatoa kimfuko changu cha plastiki, nikamwagia robo zilizobaki juu ya kaunta. Mwenzenu nilikuwa bado najivuna. "Tazama mwenyewe. Hakuna chenga."

Akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Nani alikwambia kidonge hiki kinakatwa?"

"Dada, mimi ni mkataji."

Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Hiki hakikatwi, kaka yangu. Imeandikwa kwenye boksi. Hili ganda kazi yake ni kuachia dawa kidogo kidogo, mchana na usiku. Ukilipasua, dawa yote inamwagika tumboni asubuhi kwa mkupuo, jioni unabaki mkavu."

"Kwa hiyo sijapunguza?"

"Umejiangusha. Kila asubuhi unapanda juu ya paa, kila jioni unaruka. Siku kumi na mbili."

Nikaitazama ile robo mkononi mwake. Katika miaka kumi na tisa ya kazi sijawahi kukata kitu kwa usafi kama ule. Kumbe ganda nililoliita urembo ndilo lililokuwa dawa.

"Basi mimi ni teja," nikasema. "Siwezi kukaa bila."

"Hapana. Teja anaifukuzia dawa imleweshe. Wewe mwili wako umezoea, na umeunyang'anya kwa pupa. Lazima upige kelele."

"Na ugonjwa? Mke wangu anasema umerudi."

"Shoti na jasho si ugonjwa wako, hiyo ni dawa inayotoka. Lakini hilo aseme daktari. Ngoja."

Akapiga simu, akanipa. Daktari alinisikiliza bila kunikatiza.

"Rudi kwenye kidonge kizima leo hii," akasema. "Ukitulia tutaanza upya, kwa vidonge vya nguvu ndogo, vizima, hatua moja moja."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi sita. Pengine mwaka."

"Daktari, mimi nina mpaka Jumatatu."

"Unasafiri?"

Nikamwambia hapana. Nikamrudishia mfamasia simu yake.

Akaniwekea kidonge kizima na maji. "Kimeze hapa nikuone."

Nikakishika. Siku kumi na mbili nilikuwa nimelia, nimecheka, nimemfokea mwanangu, nimeogopa. Hakuna hata kimoja kizuri hapo. Lakini vilikuwa vyangu. Au havikuwa?

"Dada, haya ninayoyahisi wiki hii, ni mimi au ni dawa inayotoka?"

Akafikiri kweli, Mungu ambariki, hakunijibu ili niondoke tu.

"Hilo sina mizani ya kulipimia," akasema.

Nikamwambia nitakimeza nyumbani. Nikakitia kwenye mfuko wa shati. Alinipigia kelele mpaka nafika barabarani.

Nyumbani nikamkuta mke wangu mezani. Redio alikuwa ameshampigia simu, bila shaka. Kule kunyamaza kwake kulidumu dakika tano. Mbele ya mke wangu ilikuwepo karatasi yangu ya patroni, ameikunjua vizuri, kingo ameziwekea vikombe.

"Hii ni patroni ya nguo gani?" akauliza.

Nikavuta kiti.

"Mistari kumi na minne. Nusu, nusu, nusu, robo, robo. Wa mwisho Jumapili." Akaweka kidole pale mwisho. "Fomu yangu Jumatatu. Mimi nafundisha hesabu, baba yake. Ulidhani sitajumlisha?"

"Ulitaka jibu."

"Nilitaka jibu. Nilisema ujikate vipande?"

"Sikuwa nalo! Nilitafuta humu ndani sikuona kitu. Wewe unafunga safari na mwanangu, na mimi nasema fanya unavyoona! Ningekujibu na nini?"

"Na vidole vya watu je? Na mtoto, aliyekwenda shule akamwambia mwalimu wake kwamba baba amejifunza kupiga kelele?"

Nikakaa. Shoti ikapiga, nikashika meza.

"Basi litoe," akasema taratibu. "Jibu lenyewe. Limeshatugharimu, litoe nilisikie."

"Usiende," nikasema.

Likatoka na mengine. Niliumia. Naandika neno hili bila haya, niliumia. Nilimwona mwanetu yule wa miezi minne, kucha zake, nilizokuwa nimezisahau kabisa. Niliona nyumba hii bila kelele ya mtu. "Usiende, usiniache hapa, nitakufa, usiende." Kamasi, machozi, mwanamume mzima. Mke wangu akakishika kichwa changu akakiweka kifuani kwake, nikasikia naye anapumua kwa shida.

Tukakaa hivyo. Kisha mkono wake ukagusa mfuko wa shati langu.

Akakitoa kidonge. "Hiki?"

"Daktari kasema leo. Kizima."

Akaenda kuchota maji.

"Nikimeza, jibu litaondoka," nikamwambia. "Nijibu kwanza. Sema hutaenda."

"Siwezi kupanga maisha yetu kwa neno la mtu anayetetemeka. Ningekuwa mimi, wewe ungekubali?" Akanishikisha glasi. "Meza. Jumatatu asubuhi nitakuuliza tena. Likiwa bado ni hilo hilo, nitajua ni lako."

Nikameza.

Jumamosi shoti zikapungua. Jumapili mikono ikatulia, na nikalala mchana usingizi mzito. Nilipoamka binti yangu alikuwa mezani na chai yake. Akakoroga kwa nguvu, makusudi, ananitazama.

"Koroga tu, mwanangu," nikasema. "Hakuna tabu."

Akaacha. Akaweka kijiko chini akainuka.

Jumatatu asubuhi. Mtoto ameshatoka kwenda shule. Mke wangu amevaa, mkoba begani, fomu mezani, kalamu juu yake. Hakukaa.

"Niende au nisiende?"

"Usiende."

Nilijibu palepale, bila kusita. Lakini niliisikia sauti yangu mwenyewe. Ilikuwa ile ninayomwambia nayo Redio anipe chaki. Nilishuka kifuani kutafuta yale ya Ijumaa, kucha za mtoto, nyumba tupu. Niliyakuta yamepangwa vizuri, yamekunjwa, na hakuna lililoniuma.

Naye alisikia. Mwalimu wa miaka kumi na mitano anajua mwanafunzi aliyekokotoa na aliyekariri jibu.

"Hilo neno," akasema, "unalihisi, au unalikumbuka?"

Wasomaji wangu, hapa uongo ungefaa. Neno moja tu, na machozi si lazima. Nilimtazama mwanamke aliyenipa maji kwa mkono wake, nikashindwa kumdanganya.

"Nalikumbuka," nikasema. Kisha nikaongeza mbio, "Lakini nakumbuka vizuri kabisa. Nakumbuka lilikuwa kweli."

Alichukua fomu, akachukua na kalamu, akaingia chumbani, ambako tangu jana yake begi la safari lilikuwa kitandani, limejaa nusu kwa nguo zake na za mtoto. Mlango ukafungwa.

Nilibaki nimesimama pale jikoni. Nikasikia zipu ya begi, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Miaka kumi na tisa nimekaa na nguo. Nilisogea mpaka mlangoni, nikaweka sikio, na bado sikuweza kujua kama ilikuwa inafungwa au inafunguliwa.